Kabla Hujamwambia Mteja Maana ya Subaru

Juzi hapa yadi yetu ya magari, Ngong Road, nimemsikia kijana wetu mpya akimweleza mteja kwamba Toyota imepewa jina la mji wa Toyota. Na vile alivyokuwa na uhakika! Nikakohoa, wala hakushtuka. Basi shikeni kalamu.

1. Mji ndio uliochukua jina la kampuni. Ulikuwa ukiitwa Koromo hadi 1959. Kampuni ni ya ukoo wa Toyoda. Mwaka 1936 yakafanywa mashindano ya kubuni nembo, na "da" ikageuka "ta". Kwa katakana, mwandiko mmojawapo wa Kijapani, Toyota huandikwa kwa mistari 8, na 8 kwa Wajapani ni namba ya heri. Ukifika hapo nyamaza, mteja akague chesisi.

2. Subaru. Hapa tulieni, maana mimi hapa niliumia. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii alikuja mzee wa Lamu na bintiye, wanataka Forester. Binti alikuwa ameshaketi kwenye usukani, karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, ameisoma, bei haimtishi. Mzee akagusa nembo: "Mwanangu, nyota hizi ni za nini?" Sikujua. Nikasema ni za ubora, kama za hoteli, na hoteli zenyewe huishia 5, hizi ni 6. Mzee akainama, akazitazama tena. "Hiki si Kilimia, lile kundi la nyota za msimu wa kulima?" Nami, kwa ule ujuaji wangu: "Mzee wangu, Kilimia ni mambo ya wakulima. Hii ni Japani."

Binti akatoa simu, akasoma kwa sauti. Subaru ndilo jina la Kilimia kwa Kijapani. Nyota kubwa ni kampuni mama, Fuji Heavy Industries, iliyoundwa 1953. Zile ndogo 5 ni kampuni zilizoungana kuizaa. Mzee alicheka sana. Binti hakucheka. Akaniuliza, "Na hii mileji nayo umeibuni?"

Mileji ilikuwa ya kweli! Cheti chake kilikuwa kwenye droo, na hawakungoja niifungue. Kamisheni yangu ikatoka nao. Langoni mzee akageuka: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua." Mpaka leo sijui alikuwa ananifariji au ananisuta.

3. Isuzu ni mto unaopita kwenye hekalu la Ise, huko Japani. Mnunuzi wa lori hatakuuliza hilo, atakuuliza tani na spea.

4. Mazda ni mwanzilishi Matsuda, pamoja na Ahura Mazda, mungu wa hekima wa Uajemi wa kale. Anza na Matsuda. Ukianza na mungu, kuna wateja watakaoshuka garini hapo hapo.

5. Na aliyeandika SUBALU kwenye kioo cha ile Impreza ya bluu, kitambaa kiko ofisini.