Maswali ya Wasomaji: Majibu ya Utafiti Huishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji. Miaka miwili iliyopita wahadhiri na wanafunzi wa chuo kikuu kimoja walifika kijijini kwetu, wakawatoa kuku wetu damu chini ya bawa, wakatuhoji kutwa nzima, kisha wakaondoka. Hadi leo hatujaletewa hata karatasi moja ya majibu. Utafiti huo ni kwa faida ya nani, na vyuo vihimizweje vitukumbuke?
Mfugaji, Iramba, Singida

JIBU: Ndugu mfugaji, yaelekea majibu yenu yamo katika tasnifu iliyokwisha kusahihishwa na kutiwa jalada gumu, au katika makala ya Kiingereza ambayo hata afisa mifugo wa kata yenu hajaiona. Mhadhiri hapandi cheo kwa idadi ya kuku waliopona, bali kwa makala alizochapisha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu wetu hutunzwa akicheza ugenini, na si haki kumlaumu yeye peke yake.

Lakini upo utafiti uliomfikia mfugaji. Kwa kuwa umetaja kuku, tuutazame ugonjwa wa mdondo (kideri, au Newcastle), ambao bila shaka umekwisha kukufagilia banda. Chanjo zake zilikuwapo zamani, lakini nyingi zilihitaji jokofu kila hatua ya safari na zilifungashwa kwa ajili ya mashamba yenye maelfu ya kuku. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipata mbegu ya chanjo inayostahimili joto, yaani kirusi kisicholeta ugonjwa ambacho chanjo huzalishwa kwacho, iitwayo I-2, na badala ya kuiuza, mbegu hiyo ikatolewa bure kwa nchi zilizotaka kujitengenezea chanjo. Tanzania ilikuwa mojawapo, na kazi ikafanyika katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Kilichonivutia zaidi ni mambo madogo yaliyofuata: wataalamu walipima ukubwa wa tone linalodondoka kutoka kwenye kichupa cha plastiki, wakafundisha kwamba chanjo yaweza kubebwa kikapuni ikiwa imeviringishwa kitambaa chenye unyevu, na kwamba mama mwenye kuku kumi aweza kuwachanja mwenyewe alfajiri kabla hajawafungulia, tone moja katika jicho moja, akarudia baada ya miezi mitatu au minne. Hayo hayakuwa nyongeza baada ya utafiti kwisha. Yalikuwa sehemu ya utafiti wenyewe.

Hata Morogoro tunao mfano wa majibu yanayorudi kwa wenyewe. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Sampuli ambayo panya ameitilia shaka hupimwa upya maabara, na ikithibitika, kliniki iliyoileta hujulishwa ili mgonjwa atafutwe.

Vyuo basi vihimizwe hapo penye cheo na fedha. Kanuni za kupandisha vyeo ziipe uzito chanjo iliyofika bandani kama zinavyoupa makala, na anayefadhili utafiti asitoe fungu la mwisho kabla majibu hayajasomwa kwa Kiswahili mbele ya waliohojiwa. Maonyesho ya Nanenane ni mazuri, ila siku chache za kugawa vipeperushi hazitoshi kuitwa kurejesha majibu.

Kwa upande wenu, watafiti kwa kawaida hupita ofisi ya kijiji wakiwa na barua ya utambulisho. Mwombeni mtendaji aitafute, kisha mkiandikie chuo hicho, kupitia ofisi yake inayosimamia utafiti, mkiomba matokeo yaletwe kwenye mkutano wa kijiji. Watakapokuja wengine, tarehe ya kurudi iandikwe kabla kuku wa kwanza hajakamatwa. Wakati mkingoja, mwulizeni afisa mifugo habari za chanjo ya matone, maana mdondo hausubiri barua ijibiwe.