Kiharusi cha kulia: maneno yapo, utani haumfikii

Swali

Baba yangu ana miaka 67, ni Mnyamwezi wa Tabora lakini sisi tumekulia Temeke. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Kipimo cha CT kilionyesha mshipa umeziba upande wa kulia wa ubongo. Daktari alitutia moyo, akasema tushukuru kwa kuwa lugha inakaa upande wa kushoto, hivyo usemi wa mzee uko salama. Ni kweli anaongea vizuri. Lakini si baba yule. Jirani yetu Mzaramo, mtani wake wa miaka mingi, alikuja kumjulia hali akamwambia: "Wewe mzee una hasara! Mwenzio nimeshakodi turubai la msiba, kumbe hufi!" Nyumba nzima tulicheka, isipokuwa baba. Mgeni alipoondoka akaniita, akaniagiza nimrudishie mzee yule hela ya turubai. Siku hizi ukimzungushia maneno hakupati. Akisimulia jambo anaanza na dawa zake, anaishia kwenye treni ya Kigoma. Na sauti imekuwa kavu, hatujui saa ngapi kafurahi, saa ngapi kakasirika. Je, ni kweli lugha iko kushoto tu? Na kama ni kweli, hiki kilichomharibikia baba ni nini?

Jibu

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Nianze na daktari wenu nisije nikamwonea. Hakuwadanganya. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebakiwa na silabi moja tu mdomoni, "tan", akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Baada ya kukutana na wengine wa namna hiyo, mwaka 1865 akatamka wazi kwamba tunasema kwa nusu ya kushoto. Carl Wernicke, Mjerumani, akaongeza mwaka 1874 eneo jingine la kushoto, la nyuma kidogo, ambalo likiumia mtu humwaga maneno mengi yasiyoshikika. Kwa wanaotumia mkono wa kulia, kiasi cha 95 katika kila 100 lugha yao imeegemea kushoto. Hata watu wa shoto wengi wao wako hivyo hivyo, kama 70 katika 100.

Ila angalia Broca na Wernicke walikuwa wakipima nini: matamshi, maneno, sarufi. Hayo baba yako anayo yote. Turubai analijua, kukodi anajua, msiba anaujua. Sentensi ya mtani wake aliifungua neno kwa neno bila kosa hata moja, tena akapiga hesabu ya kiungwana: huyu bwana kapoteza hela kwa ajili yangu, arudishiwe. Kilichokosekana ni kazi inayokuja baada ya maneno kueleweka. Yale maneno yalitakiwa yafungwe pamoja na uso wa aliyeyasema, na mvuto wa sauti yake, na miaka yao ya ujirani, na ule utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ambao hata maiti ikiwa ndani haunyamazi. Ukivifunga vyote hivyo unapata ujumbe mmoja mfupi: nimefurahi kukuona hai. Kufunga huko ndiko kunakoitegemea sana nusu ya kulia.

Kwanza tuondoe dhana kwamba upande wa kulia haujui maneno kabisa. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga, waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamekatwa lile daraja kubwa la nyuzi za neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Ukimwonyesha mtu wa namna hiyo neno upande wa kushoto wa macho yake, linafika kwenye nusu ya kulia peke yake. Ukimuuliza ameona nini, anasema hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, unaoongozwa na nusu hiyo hiyo ya kulia, unapapasa vitu mezani na kukiokota kile kilichoandikwa. Bubu, lakini anasoma.

Sasa, nusu hiyo inayashikaje maneno? Chukua neno *mbuzi*. Ukiwa jikoni na nazi imeshavunjwa, mtu akasema "nipe mbuzi", hutamfikiria mnyama. Unampa ile ya kukunia, basi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mahali fulani kichwani maana zote mbili zilisimama, moja ikachaguliwa. Mwaka 1988 Curt Burgess na Greg Simpson walilipima jambo hili kwa maneno ya Kiingereza yenye maana mbili, wakiyamulika upande mmoja wa macho au mwingine. Nusu ya kushoto iligusa maana zote mbili mara moja, lakini ilipofika robo tatu ya sekunde ilikuwa imeshikilia ile ya kawaida na kuiacha nyingine. Ya kulia ilikuwa mzito zaidi wa kuanza, lakini kufikia muda huo ile maana adimu ilikuwa hai kwake. Kwa hiyo mazungumzo yakigeuka ghafla, mtu akahitaji ile maana iliyoachwa, kuna upande ambao bado unayo.

Mark Beeman na wenzake walisogeza hoja hiyo mbele mwaka 1994. Waliwapa watu maneno matatu, kwa mfano *mguu*, *kilio* na *kioo* (kwa Kiingereza, lakini kwetu yanafanya kazi vile vile). Hakuna hata moja kati ya hayo linalokupeleka moja kwa moja kwenye neno *kata*. Yote matatu kwa pamoja ndiyo yanakupeleka: mtu kakanyaga kioo, kajikata, analia. Nusu ya kulia ndiyo iliyonufaika zaidi na vidokezo dhaifu vya namna hiyo. Ya kushoto inapenda uhusiano wa karibu, wenye nguvu, wa neno na neno. Ya kulia inatandaza wavu mpana wenye matundu makubwa, haishiki kitu barabara, lakini vinapokutana vitu vitatu vyepesi inaviona vimekutana. Mimi nikisoma utafiti ule huwa nakumbuka vitendawili vya bibi. *Nyumba yangu haina mlango.* Yai na nyumba viko mbali, yai na mlango ndiyo kabisa. Lakini ukivishika vyote kwa ulegevu unafika.

Hapa naomba nikutahadharishe, maana mitandaoni kuna maneno mengi kwamba kulia ni kwa wasanii na kushoto ni kwa wahasibu. Hapana. Mwaka 1994 Gabriella Bottini na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wanaosoma sitiari, wakaona upande wa kulia unachangamka, na wengi wakakimbilia kusema sitiari zinakaa kulia. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta misemo iliyozoeleka inashughulikiwa zaidi na kushoto, kama maneno mengine tu. Upande wa kulia unaongezewa kazi pale msemo unapokuwa mpya, au maana inapobidi ijengwe papo hapo.

Tofauti hiyo inakuhusu wewe moja kwa moja. Bila shaka mmeshamjaribu mzee kwa methali. Kila familia hufanya hivyo. Mtu anamwambia "haraka haraka", naye anamalizia "haina baraka", hata anawaeleza maana yake, nyote mnapumua: akili iko sawa. Kipimo hicho hakipimi kitu. Methali aliyoijua tangu utotoni imeshaganda, ni kama dua au kuhesabu moja mpaka kumi. Hata wagonjwa waliopoteza usemi kwa kiharusi cha kushoto, wasioweza kuomba maji, mara nyingine wanaweza kusali, kuimba na kutukana vizuri tu. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aliliona hilo tangu karne ya 19.

Kuna utafiti mmoja wa Ellen Winner na Howard Gardner wa mwaka 1977 ambao hauniishi hamu. Waliwasomea wagonjwa msemo wa Kiingereza wa mtu "mwenye moyo mzito", yaani mwenye huzuni, wakawawekea picha wachague. Moja ilikuwa ya mtu analia. Nyingine ya mtu anayepepesuka amebeba moyo mkubwa kama gunia. Wagonjwa wa kushoto, wenye shida ya maneno, walielekea kuonyesha anayelia, na ile picha ya gunia ikawachekesha. Wengi wa wagonjwa wa kulia walionyesha ile ya gunia, wala hawakuona cha kuchekesha. Watu wengi wanaishia hapo wanapousimulia. Lakini wale wale wa kulia walipoulizwa kwa mdomo msemo una maana gani, wengi waliueleza sawasawa. Maana walikuwa nayo. Kuipachika mahali pake ndiko kulikowashinda.

Ndiyo maana nakuomba usiseme baba haelewi mafumbo. Ukimuuliza kwa utulivu, "Baba, Wazaramo na Wanyamwezi wana utani gani?" nadhani atakueleza saa nzima. Kinachomponyoka ni kutambua kwamba *sasa hivi*, *huyu*, *ananitania mimi*. Ukitaka kipimo cha nyumbani, kaa naye sebuleni jioni mbu wakianza kuingia, sema tu: "Mlango uko wazi." Zamani angemwita mjukuu aufunge. Akikujibu "ndiyo, uko wazi" kisha akanyamaza, umeona tatizo lenyewe.

Kuhusu sauti kavu. Elliott Ross na Marsel Mesulam waliandika mwaka 1979 habari za mwalimu mmoja ambaye baada ya kiharusi cha kulia alirudi kazini na darasa likamshinda, kwa sababu sauti haikupanda wala kushuka. Akikasirika, wanafunzi hawakujua. Hata nyumbani ilibidi aongezee maneno ya kuwahakikishia watoto kwamba amekasirika kweli. Hali hiyo inaitwa aprosodia. Kwetu Waswahili kiimbo kina kazi mbili: kinatenganisha "Amekuja" na "Amekuja?", kwa kuwa hatubadilishi mpangilio wa maneno, na kinabeba hisia. Kazi ya kwanza nusu zote mbili zinasaidiana, kwa hiyo huenda baba anauliza maswali vizuri tu. Ya pili, ya furaha, hasira na kejeli, imeegemea zaidi kulia, katika kuisema na katika kuisikia. Sauti kavu basi si ushahidi kwamba ndani pamekauka. Muulizeni: "Baba, umekasirika au umechoka?" Nanyi mkimwambia jambo, tieni hisia ndani ya maneno: "Nimefurahi sana leo", msitegemee atazisoma kwenye sauti. Hata hivyo apimwe na sonona, kwa sababu karibu theluthi ya waliopata kiharusi huipata, na kwa mtu wa sauti kavu ni rahisi kupitwa nayo.

Hadithi inayoanza kwenye dawa na kuishia kwenye treni ya Kigoma ni mzizi ule ule. Kila sentensi inashikana na iliyotangulia, ila hakuna anayelinda jambo zima. Msimwache amalize kisha mkatazamana. Mrudisheni kwa swali moja: "Ulikuwa unasema juu ya dawa ya asubuhi, ikawaje?" Zimeni televisheni kwanza.

Mambo mawili zaidi hukuyataja, lakini yachunguzeni. Kiharusi cha kulia mara nyingi humfanya mtu aupuuze upande wake wa kushoto ingawa macho ni mazima. Tazameni sahani yake: kama wali wa upande wa kushoto unabaki, hajashiba, hajauona. La pili ni simu. Mtu anayechukua kila neno kama lilivyo ni mawindo rahisi ya ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyetaka kurudisha hela ya turubai lisilokuwepo, hiyo nayo ataituma. Mpangieni kwamba hakuna muamala unaofanyika bila mmoja wenu kuusoma pamoja naye, na msitarajie akubali kwa urahisi, kwa kuwa wagonjwa wa upande huu wengi hawaoni kwamba kuna kilichobadilika.

Mwombeni daktari barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Andikeni wazi kwamba tatizo si matamshi bali mazungumzo, la sivyo atasikika anaongea vizuri na kurudishwa nyumbani. Miezi minne bado ni mapema, mengi huendelea kurudi.

Na yule mzee wa Kizaramo asiache kuja. Mwelezeni tu kilichotokea, aketi upande wa kulia wa kitanda, na kabla hajafungua mdomo aseme, "Mnyamwezi, leo nimekuja kukutania." Mara za mwanzo itamkera kueleza utani kabla ya kuutania. Halafu na lile turubai aseme mwenyewe kwamba halikuwepo.