Andika kundi la dawa, si jina peke yake

Wauguzi wenzangu wa Mtwara na Lindi, hasa mnaoanza kazi: ukimpokea mgonjwa, usiishie kuandika jina la dawa na kipimo chake. Andika na kundi. Kundi ndilo linalokuambia upime nini kabla ya kutoa dawa na uangalie nini baadaye. Atenololi na propranololi ni vizuizi vya beta: hesabu mapigo kwanza, uliza kama ana pumu. Akiwa na kisukari, sukari inaweza kushuka moyo usiende mbio, dalili ikakupita.

Wagonjwa wetu wa presha hupita zahanati, hospitali na duka la dawa muhimu, kote wanapewa kitu. Bibi mmoja wa Newala alinimwagia mfuko wake kitandani: enalaprili ya huku, lisinoprili ya kule, na furosemidi, dawa ya kukojosha. Majina mawili ya mwanzo ni kundi moja la dawa za presha, vizuizi vya ACE, na alikuwa anameza zote.

"Bibi, na magoti je, unayatumia nini?"

"Ya magoti si dawa mjukuu wangu, ni ya maumivu tu."

Akafungua pindo la khanga, diklofenaki hiyo. Makundi hayo matatu, kizuizi cha ACE, ya kukojosha na ya maumivu aina ya diklofenaki, yakikutana figo zinaweza kuumia. Daktari lazima ajue, na kreatinini na potasiamu zipimwe. Tangu hapo nauliza kwa kazi ya dawa: ya presha, ya sukari, ya maumivu, ya uzazi wa mpango, na miti shamba.

Sehemu ya mzio nawasihi muijaze kwa makini kuliko zote. Ukiandika "septrini" tu, mwenzako wa kliniki ya wajawazito anaweza kumpa mama SP (sulfadoksini na pirimethamini) ya kuzuia malaria bila kushtuka, na zote zina salfa. Andika "salfa: septrini", kisha eleza kilichotokea: vipele, malengelenge mdomoni, kubanwa pumzi. Amoksilini nayo iandike chini ya penisilini, ili ampisilini na kloksasilini zisimfikie.

Miishio ya majina husaidia kutambua kundi: -prili, -sartani, -ololi, -dipini. Ila -azoli isikudanganye. Metronidazoli, flukonazoli, albendazoli na omeprazoli kila moja ina kazi yake. Aspirini ya miligramu 75 usiiweke kwenye dawa za maumivu. Iweke kwenye za kuzuia damu kuganda, maana anayempeleka mgonjwa chumba cha upasuaji anahitaji kuiona hapo.