Maswali yenu: mbona propela haizungushwi kasi zaidi?

Pikipiki inafika RPM (mizunguko kwa dakika) 9,000 kiulaini, mbona injini ya ndege ndogo ya Cessna wameibana 2,700?

Tatizo liko kwenye propela, kwa sababu imefungwa moja kwa moja kwenye krenkshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hamna giaboksi katikati. Chukua Cessna 172S, propela yake ni kama mita 1.93 toka ncha hadi ncha, sasa izungushe mara 2,700 kwa dakika, zile ncha zinakata hewa kwa mita 273 hivi kwa sekunde na ndege bado imesimama hapo hapo! Sauti yenyewe kwenye nyuzi joto 15 inaenda mita 340 kwa sekunde. Ukizidi kuisogelea, hewa inayopita kwenye mgongo wa propela inavuka mwendo wa sauti hata kabla ncha haijavuka, yanazuka mawimbi ya mshtuko, ukinzani unapanda ghafla, na nguvu unayoilipia mafuta inaishia kuwa kelele.

Si waweke giaboksi tu?

Wanaweka. Injini ndogo ya ndege, Rotax 912, inazunguka mpaka 5,800 lakini gia ya 2.43 kwa 1 inaishusha, propela inapata kama 2,390 tu. Ila gia ni uzito, gharama, na kitu kingine cha kuharibika. Cessna 175 ilikuja na injini ya gia, GO-300, ya kukimbizwa mpaka 3,200, marubani waliozoea 172 wakawa wanaibana kwenye RPM za chini wakidhani wanaitunza, kumbe ndo wanaiua, na ndege ikabaki na jina baya bila kosa.

Cessna 206 za zamani mbona zinapiga kelele hivyo zikiruka?

Nyingi zina injini ya IO-520, inaruhusiwa 2,850 kwa dakika tano za kuruka, hapo ncha zinagusa mita 300 kwa sekunde. Rubani akirudisha 2,700 utasikia mwenyewe, kelele inapungua palepale.

Kwenye baridi je?

Huko ndo unaisogelea sauti mapema. Hewa ikipoa sauti inapunguza mwendo, kwenye nyuzi sifuri ni kama 331, RPM zako zikiwa zilezile.

Kuna waliojaribu kuvuka mwendo wa sauti kabisa?

Wamarekani, 1955, na ndege ya majaribio XF-84H, ingawa ile ilikuwa ya injini ya tabini siyo ya pistoni kama hizi. Ncha zilipita mwendo wa sauti hata ndege ikiwa chini imetulia, mafundi waliokuwa karibu wakashikwa na kichefuchefu na kichwa kuuma. Zilitengenezwa mbili tu, mradi ukafungwa.