Maswali kwa Ami: kuvua kwa nzi wa manyoya

*Ami, shikamoo. Nilimwona mtu kriki ya Mtwapa akipunga fimbo na uzi unapaa mbele na nyuma, chubwi hana. Anavua au anacheza? (Msomaji, Mtwapa)*

Marahaba. Anavua. Mshipi wetu wa kawaida unaendeshwa na chubwi: yeye ndiye mzito, anatangulia na uzi unamfuata. Chambo cha huyo uliyemwona ni ndoana iliyofungiwa manyoya na nyuzi, ifanane na uduvi, kaa mdogo au dagaa. Ndiyo wanayoiita nzi, na peke yake hairushiki hata hatua tano. Kwa hivyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, mnene, uliopakwa plastiki. Kinachorushwa ni mshipi, nzi anaburutwa tu. Mwishoni kuna kipande cha nailoni nyembamba, samaki asishtuke. Kule kupunga ni kuupa mshipi nafasi ya kunyooka kabla haujaachiwa. Aliyeiva hupunga mara mbili tatu akaachia. Ukimwona mtu anapunga mpaka watalii wanampiga picha, ujue bado mwanafunzi.

*Ninunue fimbo gani? (Kijana, Tudor)*

Fimbo hizi zina namba inayokwenda na uzito wa mshipi. Kwa bahari yetu anza na namba 8, urefu futi 9, na mshipi uwe wa namba hiyohiyo. Ukichanganya utaulaumu mkono wako bure. Rili iwe ya kuhimili chumvi na iwe na breki. Nyuma ya mshipi jaza uzi wa akiba, mita 150 au zaidi, maana kolekole akishajua amenaswa hasubiri mazungumzo. Namba 4 na 5 waachie wavuvi wa trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Samaki wale si wenyeji, Waingereza waliwaleta mwanzoni mwa karne ya 20. Nalitaja hili kwa sababu mafunzo mengi utakayokutana nayo yametungwa kwa ajili ya mto baridi na samaki huyo, na baadhi ya mashauri yake yatakupoteza huku pwani.

*Kila nikirusha, uzi unaniangukia kisogoni. Ni mkono wangu? (Mwalimu, Kisauni)*

Mwalimu, toka majini kwanza. Nenda kiwanja chenye nyasi asubuhi na mapema, toa ndoana, funga kipande cha uzi wa sufu wa rangi inayoonekana. Simama ubavu ili uweze kuuona mshipi ukiwa nyuma. Inua fimbo taratibu, ongeza kasi, kisha isimamishe ghafla ikishapita sikio kidogo. Sasa ngoja.

Kwenye kungoja ndiko wanafunzi wanakoharibu. Mshipi haujanyooka nyuma, mtu ameshausukuma mbele, nao unamshukia kichwani. Geuza shingo uutazame. Ukishanyooka, peleka mkono mbele na uusimamishe ghafla tena, kama unayegonga msumari ukutani. Nguvu hazitakiwi. Nimeona wanaume wenye misuli ya kuvuta nanga wakishindwa na wasichana wa sekondari, na wakikasirika ndiyo mambo yanazidi kuwaharibikia.

Halafu kuna kusi, inayovuma tangu Aprili hadi karibu Oktoba. Ukitumia mkono wa kulia na upepo unakujia kuliani, utakuletea ndoana usoni. Hama, tafuta mahali utakapokujia kushoto. Vaa kofia na miwani, na miwani si ya urembo.

*Nilisimama Bamburi saa sita mchana, sikuona hata mkia. Bahari imekwisha samaki? (Msomaji, Bamburi)*

Wewe ulifuata saa ya mkononi, samaki anafuata maji. Hapa Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu hayafiki huko.

Anza maji yanapoanza kujaa. Samaki huyafuata kuingia kwenye nyasi za bahari na mikoko kutafuta kaa na uduvi. Kwenye kriki, simama karibu na mdomo wa mfereji, rusha ukikata mkondo, kisha uvute mshipi kwa mkono, kidogo kidogo. Akiuma, usiinue fimbo juu. Hilo ni la wavuvi wa trauti. Iache chini, uvute mshipi kwa nguvu kwa mkono wa pili. Tegemea kolekole wadogo, mzia, pengine changu. Mkizi utawaona wakiruka makundi kwa makundi. Hasira zao ni tijara ya mvuvi, ndiyo, lakini ni mvuvi mwenye chombo cha kuwarukia ndani. Wao hula tope na mwani, nzi wako hawana haja naye.

Mfereji upi, siku gani ya mwezi, hayo utaambiwa na wazee wa mshipi pale diko. Mnunulie mmoja wao kahawa chungu umsikilize. Hujui ulichookoa kwa kikombe hicho. Na wakati wa bamvua usitembee mbali mwambani: maji yakigeuka, mifereji iliyo nyuma yako ndiyo hujaa kwanza.

*Lazima kibali? (Msomaji, Nyali)*

Lazima, hata kama ni burudani. Uliza Kenya Fisheries Service, na ukifika diko jitambulishe kwa BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, kuna eneo la kilomita 10 za mraba ambalo hakuvuliwi kabisa. Jua mpaka uko wapi kabla ya kufungua begi.

*Ami, mume wangu huenda kila Jumapili na hurudi mikono mitupu. Ananidanganya? (Mama watoto, Likoni)*

Hapo siingii, mwanangu. Ila wengi wa wavuvi hawa humrudisha samaki majini, hilo ni kweli. Siku akileta bunju, usimpike. Sumu yake haiondoki kwa moto.

*Ndoana ilimzama rafiki yangu kidoleni. Tungeizuiaje? (Msomaji, Changamwe)*

Kabla ya kurusha, bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma. Itatoka kirahisi kwa samaki na kwa mtu. Ikizama karibu na jicho, usiiguse, nendeni hospitali. Na kwa kuwa mtatembea majini: kuna samaki afananaye na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ukimkanyaga, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha hospitali. Kwa hivyo viatu vya soli nene, si ndara.