Picha ya CT ni safi, lakini bondia wangu anasahau: ubongo wake uko salama?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa ngumi hapa Mwanza, vijana wangu wanafanyia mazoezi Igogo. Nina bondia wa miaka 29 aliyeanza ngumi za ridhaa akiwa na miaka 16, na sasa ni wa kulipwa. Maisha yake yote amepigwa KO, yaani kuangushwa akashindwa kuendelea, mara mbili tu. Tangu mwaka jana naona mabadiliko. Namwelekeza mpangilio wa ngumi, dakika tano baadaye hana habari nao. Mkewe analalamika kwamba hasira zimekuwa karibu na usiku halali. Jioni maneno yake yanakuwa mazito. Baada ya pambano la mwisho tulimpeleka akapigwa picha ya CT, ile ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, majibu yakasema hakuna tatizo. Promota ana pambano lake mwezi ujao na anatumia majibu hayo kusema kijana yuko fiti. Je, picha safi inatosha? Akivaa kinga ya kichwa kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, anakuwa salama? Na kama ndio ule ugonjwa wa mabondia, una dawa?

JIBU

Mwalimu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuyaona mabadiliko hayo wakati kijana bado anatembea na kufanya kazi zake. Nianze na la haraka: asipande ulingoni mwezi ujao, na kuanzia leo asipigwe kichwani hata mazoezini, mpaka achunguzwe upya. Picha ya CT haibadilishi neno hata moja katika hilo, na nitakueleza sababu.

Usiku wa pambano, CT inapigwa ili kutafuta damu iliyovuja, fuvu lililopasuka na ubongo uliovimba. Kazi hiyo inaifanya vizuri tena kwa haraka. Kuna mishipa midogo ya damu inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando unaoufunika. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu inaweza kuchanika, damu ikajikusanya na kuugandamiza ubongo. Hilo ndilo linaloua bondia ndani ya saa chache, na CT hulionyesha. Kwa hiyo majibu mliyopewa yalikuwa sahihi kwa usiku ule. Wewe unauliza jambo lingine kabisa: miaka 13 ya kupigwa kichwani imefanya nini? Hapo CT haina la kusema.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, ni laini, na unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Ngumi ya ndoano, ile inayozungushwa kutoka pembeni, ikitua kwenye taya, kichwa kinageuka ghafla. Fuvu linatangulia, ubongo unachelewa, kisha unavutwa kulifuata. Kule kugeuka ndiko kunakonyoosha nyuzi za fahamu kupita uwezo wake, kuliko hata ngumi iliyonyooka usoni. Ndani ya kila uzi kuna njia nyembamba za kusafirishia chakula na taarifa, na njia hizo zimeshikwa na protini iitwayo tau, kama mataruma yanavyoshika reli. Uzi ukijeruhiwa, tau inabanduka, inabadilika umbo na kuanza kugandana. Kwa miaka mingi mabonge hayo hujikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu, hasa chini kabisa kwenye mikunjo ya ubongo. Huo ndio ugonjwa wa mabondia unaouuliza, ambao madaktari wanauita CTE. Mabonge hayo yanaonekana kwa hadubini, na kwa sasa ni baada ya mtu kufariki tu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaweza kuonyesha sehemu zilizosinyaa, au ule utando mwembamba wa katikati ya ubongo ukiwa umeachana, jambo linaloonekana kwa mabondia kuliko kwa watu wengine. Lakini hakuna picha inayoweza leo kumwambia bondia aliye hai kwa uhakika kwamba anao ugonjwa huu, wala kwamba hana.

Sentensi iliyonishtua kwenye barua yako ni ile ya "KO mara mbili tu". Najua ulitaka kunitia moyo. Lakini hesabu ya KO haipimi kinachokusumbua. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa New Jersey, Marekani, aliandika kuhusu mabondia wanaotembea na kuongea kama walevi, na kwa muda mrefu watu waliamini ni balaa la wale wanaoangushwa ovyo. Halafu mwaka 2002, mjini Pittsburgh, daktari Mnigeria Bennet Omalu alichunguza ubongo wa Mike Webster, aliyecheza mpira wa miguu wa Kimarekani, akakuta mabonge yale yale ya tau. Webster hakuwa bondia. Alikuwa mtu wa kugongana vichwa kila siku ya mazoezi na kila mechi, mara nyingi bila kuzimia. Tafiti zilizofuata zimezidi kuonyesha kwamba idadi ya mapigo na miaka ya kupigwa ina uzito kuliko hesabu ya mara ambazo mtu alizimia.

Sasa tufanye hesabu ya jimu yako. Chukulia kijana anapokea ngumi 10 tu za kichwa kwa raundi ya sparingi, raundi 4 kwa siku, siku 3 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka. Hizo ni ngumi 4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 13 zinapita 62,000. Mapambano yake yote ya ridhaa na ya kulipwa hayafiki hata robo ya hapo. Na yule anayesifiwa kwa kustahimili, anayekula tatu ili atoe moja bila kurudi nyuma, ndiye anayejaza hesabu hiyo haraka. Madhara makubwa yanaingilia mazoezini, Mwalimu, ambako hakuna refa wala daktari, na mwenye mamlaka ni wewe.

Kinga ya kichwa ina kazi yake. Inapunguza kuchanika na kuvimba, na ndiyo maana nataka vijana waivae. Ila haiwezi kuuzuia ubongo usizunguke ndani ya fuvu, kwa sababu kichwa chenye kinga nacho kinageuka. Wakati mwingine hata inawapa vijana ujasiri wa kupokea ngumi ambazo wangezikwepa. Shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa liliiondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio ya 2016 wanaume walipigana bila kuivaa. Hoja zao bado zinabishaniwa na mimi siwaigi, lakini hata wao hawakuiona kuwa ngao ya ubongo.

Hata hivyo, usimhukumu kijana bado. Si kila bondia anaumwa ugonjwa huu. Uchunguzi wa A. H. Roberts uliotoka Uingereza mwaka 1969, wa mabondia wastaafu 224 wa enzi ambazo watu walipigana mapambano mengi kupita kiasi, ulikuta dalili za ubongo kuumia kwa asilimia 17. Ni wengi mno, lakini si wote. Na kusahau, hasira na kukosa usingizi vina sababu nyingine zinazotibika kabisa: sonona, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU visivyotibiwa, upungufu wa vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, gongo, na kule kukata uzito kwa kujinyima maji kila pambano likikaribia. Tena kuna damu inayovuja polepole kwa wiki kadhaa baada ya picha ya kwanza. Ndiyo maana nasema achunguzwe upya, na kama kichwa kinauma au dalili zimezidi tangu picha ile, CT nyingine ni lazima. Vipimo vingi kati ya hivyo ni vya damu tu. Aanzie Sekou Toure au hospitali yoyote iliyo karibu naye, aombe rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando kwa wataalamu wa mfumo wa fahamu au wa afya ya akili.

Niseme tunachofanya chumbani, ili asiogope. Tunamtembeza kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mtu mzima wa afya anafika mwisho. Bondia aliyeumia anatanua mikono na kuweka mguu pembeni hatua ya tatu au ya nne. Tunampa maneno matano, mfano kivuko, nyavu, shilingi, mwembe, kengele, tunazungumza mengine, kisha tunamwomba ayarudie. Tunampa hesabu. Aliyeacha shule mapema simpi mia kutoa saba. Namuuliza, umenunua dagaa wa 3,500 ukatoa 10,000, chenji yako ngapi? Ninachoangalia ni muda anaotumia na kama anaudhika, zaidi ya jibu lenyewe.

Kuna kipimo kimoja ambacho wewe unacho na mimi sina: video za zamani. Watafiti wa Marekani walipima usemi wa Muhammad Ali kwenye mahojiano yake ya televisheni wakakuta kwamba kati ya miaka 26 na 39 kasi yake ya kuongea ilipungua kwa asilimia 26, wakati Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mitetemo, ilikuja kutajwa mwaka 1984 akiwa na miaka 42. Usemi ulianza kubadilika watu wakiwa bado wanamshangilia. Tafuta kwenye simu yako, au kwa rafiki zake, mahojiano ya kijana huyu ya miaka mitano au sita iliyopita, uyasikilize, kisha umlinganishe na wa leo. Njoo nazo. Na vijana wako wengine warekodi kila Januari, dakika mbili za kuongea na dakika moja ya kutembea kwenye mstari.

Kuhusu dawa: ya kuyeyusha yale mabonge ya tau hakuna. Kinachowezekana ni kutibu usingizi, sonona, maumivu ya kichwa na mitetemo, kuacha pombe, kufanya mazoezi ya kukimbia na ya kusimama bila kuyumba, na kuzuia pigo lingine. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wapo wanaotulia wakiacha kupigwa, na wapo ambao ugonjwa unaendelea hata miaka baada ya kustaafu. Huwezi kujua kijana wako ni yupi kwa kumwongezea pambano. Mwambie promota kwamba majibu ya CT ya pambano lililopita si cheti cha kupigana pambano lijalo, na kwamba daktari wa pambano lazima aelezwe dalili zote kabla hajasaini chochote. Ukizificha, daktari atampima presha na macho, na atampitisha.

Kama vipimo vitaonyesha ubongo umeumia, ushauri wangu utakuwa aache kupigana moja kwa moja. Ninajua maana yake kwa mtu mwenye mke na kodi ya nyumba. Mpe pedi za kushika, mpe watoto wa kufundisha, abaki na heshima yake ndani ya jimu.

Kwa waliobaki, sparingi ya nguvu ipunguzwe iwe ya wiki chache kabla ya pambano, mara moja kwa wiki, na siku nyingine waguse mwili tu bila kichwa. Begi, pedi, kamba na kukimbia havina mtu anayepiga kichwa. Aliyeona nyota mazoezini ameshamaliza siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Apumzike saa 24 hadi 48, aanze mazoezi mepesi kidogo kidogo, na asirudi kwenye kugusana mpaka dalili ziishe zote na daktari aridhie. Aliyepigwa KO anakaa nje siku 30 kwa uchache. Mabondia wawili niliowashauri hivyo walinuna, na bado ningewashauri hivyo hivyo.

Akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia asiamshike vizuri, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akidegedega au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, ni hospitali usiku huo huo. Mkienda kupigana Ukerewe, panga kabla ya kengele ya kwanza ni chombo gani kitavusha majeruhi usiku, maana kivuko cha Nansio kina ratiba yake. Na kwa maumivu baada ya pambano mpe panadol. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini visiguswe siku mbili za mwanzo, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuvuja, na tramadol, ile dawa kali ya maumivu, au dawa za usingizi zitaficha dalili ambazo mkewe alipaswa kuziona alfajiri.