Vifaranga wa samaki walishwe mara ngapi kwa siku?

Nalisha vifaranga wangu wa perege asubuhi na jioni, na chakula napima sawasawa. Mbona wamedumaa?

Huenda kiasi kinatosha, ila umekigawa vibaya. Tumbo la kifaranga ni dogo mno, tena perege ni samaki wa kudonoa kutwa, si wa kula mara moja akashiba hadi jioni. Ukimwaga chakula cha siku kwa mikupuo miwili, wale wenye nguvu wanavimbiwa, wanyonge wanabaki na njaa, na kilichosalia kinalowa na kuzama. Ndiyo maana ndani ya mwezi unaona bwawa moja lina samaki wa saizi tatu.

Chukua kiasi kilekile ukigawe. Wiki za mwanzo lisha mara 6 hadi 8 kwa siku, wakikaribia gramu 5 shuka hadi mara 4, na wakiwa wakubwa mara 2 au 3 zinatosha. Hesabu yenyewe si ngumu: vifaranga 1,000 wa gramu 1 wana uzito wa kilo 1. Ukiwapa asilimia 10 ya uzito wao, ni gramu 100 kwa siku, yaani gramu 20 kila mlo kwa milo 5. Pima sampuli kila baada ya wiki mbili, kwa sababu asilimia hiyo inapungua kadiri wanavyokua. Anayelisha kwa kukisia namwelewa, nami nimefanya hivyo, lakini mizani haina upendeleo.

Basi nikifikisha mara 12 watakua haraka zaidi?

Hapana. Kuna kikomo. Mlo mpya ukifika kabla ule wa kwanza haujasagwa, chakula kinapita utumboni bila kufyonzwa vizuri. Unachoongeza hapo ni kazi yako na amonia majini, ile sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula.

Kambare wangu wanakulana. Ni njaa?

Njaa, na kutolingana. Kambare mdogo aliyekosa mlo humgeukia mwenzake aliye mdogo kuliko yeye. Wasikae muda mrefu bila chakula, na mlo mmoja uwe usiku, maana hapo ndipo wanapochangamka. Halafu wachambue kwa saizi mara kwa mara. Ukilisha vizuri bila kuwachambua, majitu yataendelea kuwameza wadogo.

Wametotolewa jana. Nianze kulisha?

Subiri. Bado wanatumia kiini cha yai walichotoka nacho. Kikikaribia kuisha na wakaanza kuogelea wenyewe, anza na chakula laini kama unga, chenye protini ya asilimia 40 au zaidi.

Naweza kulisha alfajiri kabla ya kwenda kazini?

Kwenye bwawa la udongo, usifanye hivyo. Usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo alfajiri huwa imepungua kabisa, na samaki anayesaga chakula anaihitaji zaidi. Tafuta mtu wa kuwalisha jua likishapanda. Siku ya baridi wakikisusia, kitoe na uruke mlo huo.